Bahasha Zilizolowa

Mama Ivyne anasema Jumanne saa tatu asubuhi Daktari Aarti alifika Dagoretti Corner akiwa amelewa chakari. Anasema alishuka kwenye teksi akiyumba, akapita mlango wa duka lake mwenyewe la dawa, akaenda kwa bucha ya Jackton na kuanza kulazimisha funguo zake kwenye kufuli la watu. Jackton akamsalimia, "Sasa Daktari!" Daktari akamkazia macho bila neno. Halafu, anasema Mama Ivyne, na hapa huwa anaacha kumenya nanasi ili wateja wasikie vizuri, mwanamke akacheka peke yake na kuongea Kihindi na kufuli.

Mama Ivyne aliona haya yote akiwa kwenye meza yake ya matunda ng'ambo ya barabara, magari yakipita katikati, bila miwani yake iliyovunjika tangu Pasaka. Hicho ni kipaji.

Mimi nilikuwa hatua mbili kutoka kwa hilo kufuli, ndoo mkononi, kwa hivyo niliona machache. Niliona mguu wake wa kulia ukiburuta, kama unavyoburuta siku za joto. Niliona amepitiliza mlango mmoja, maana Jackton alikuwa amepaka bucha yake kijani wikendi hiyo, kijani kile kile cha duka letu, akisema rangi hiyo inavuta wateja. Na salamu yake ilijibiwa. "Poa, Jackton, na watu wa nyumbani?" Ilijibiwa vizuri sana. Ni vile tu jibu lilipofika, Jackton alikuwa ameshaingia ndani kumwambia mkata nyama kwamba yule mama ana madharau.

Hivyo ndivyo ugonjwa wa Daktari ulivyo. Maneno yako yanaingia, yanazunguka, yanatafuta njia, halafu jibu linatoka likiwa zima kabisa. Mimi huhesabu kimoyomoyo. Nilipoanza kazi jibu lilifika kwa mbili. Mwaka jana kwa tano. Siku hizi ni nane. Na hapa Dagoretti Corner hakuna mtu mwenye nane ya kumpa mwenzake.

Unaitwa MS. Herufi hizo nimeambiwa maana yake mara mbili na mara zote mbili nimeisahau, na mimi ndiye mwenye ubongo mzima. Niliishia darasa la nane, kwa hivyo Daktari alinieleza taratibu. Mwilini kuna askari wa kufukuza magonjwa. Wa kwake wamechanganyikiwa, wamepanda kichwani na kwenye uti wa mgongo, wanachoma ganda la nyaya zinazobeba habari. Panapochomwa panavimba, pakipona panabaki kovu. Alinionyesha picha ya kichwa chake iliyopigwa kwa mashine: madoa meupe hapa na pale, kama blauzi nyeusi iliyorukiwa na Jiki ya kung'arishia nguo.

"Na si madoa tu," akasema. "Ubongo wenyewe unapungua, pole pole. Hii nafasi hapa, umeiona? Haikuwa."

Alisema kama anayeeleza bomba linalovuja kwa jirani.

Wataalamu wa mtaa hawajakubaliana. Mama Ivyne anasema ni pombe. Jackton anasema ni mwenye duka lile lingine la dawa amemfanyia kitu. Mama Vimla, mama yake Daktari, ambaye anaishi naye huko Mountain View, anajua dawa ni lozi. Kila asubuhi anamlisha lozi tano zilizolowekwa na kumenywa, chakula cha ubongo. Zisipofanya kazi anaongeza mbili. Sasa ziko kumi na tatu. Na mtaalamu wa kweli, yule wa kliniki ya mjini, alisema hatatoa barua ya kumruhusu kusimama kaunta peke yake mpaka apimwe kumbukumbu upya. Bila barua hiyo, Daktari anafunga. Duka alilianzisha mwenyewe, rafu kwa rafu, na jina juu ya mlango ni lake. Aliniambia hivi: "Awiti, mguu wakitaka wachukue. Kaunta, hapana."

Mimi hakuna aliyeniuliza ninaona nini. Mimi ni wa kupiga deki.

Lakini mtu hawezi kupangusa kaunta moja miaka minne bila kusoma kilicho juu yake. Pale kwetu vidonge vinahesabiwa vitano vitano kwa kisu kwenye sahani ya plastiki, vinasukumwa ndani ya bahasha ndogo, halafu Daktari anaandika nambari mbili juu. 1×3: kidonge kimoja, mara tatu kwa siku. 2×2: viwili, asubuhi na jioni. Mwalimu wangu wa hesabu alinichapa mpaka nikakubali kwamba moja mara tatu na tatu mara moja ni kitu kimoja. Namwombea mwalimu huyo asiugue sukari. Kwenye bahasha, 3×1 ni vidonge vitatu kwa mpigo, halafu uone utaamkia wapi.

Bahasha ya kwanza yenye kosa niliiona Februari. Mama mmoja alikuwa na mtoto mgongoni, dawa iko kwenye kaunta, na nambari zimegeuzwa. Ningesema nini? "Daktari, umekosea"? Msichana wa deki, mbele ya foleni, na Mama Ivyne ng'ambo ameshanyoosha shingo? Nilikuwa na kitambaa changu cha maji mkononi. Nikakiminya juu ya bahasha.

"Woi, pole Daktari! Imelowa."

Akaguna, akachukua bahasha nyingine, akafikiria, akaandika. 1×3.

"Awiti, hii mikono ulipewa na nani?"

"Nilizaliwa nayo, Daktari."

"Basi irudishe."

Foleni yote ikacheka. Mama akaenda na dawa sawasawa na mtoto wake mgongoni, akinihurumia kwa uzembe wangu.

Tangu siku hiyo nikawa mzembe kazini. Kila bahasha ikigusa kaunta, na mimi napangusa hapo hapo. Ikiwa sawa inapita kavu. Ikiwa si sawa inapata mvua. Zilizolowa nilitakiwa kuzitupa, nikawa nazianika na kuziweka kwenye mkebe wa biskuti chini ya sinki. Sijui nilizitunzia nini. Daktari zamani alikuwa na sheria ya kumsomea mgonjwa bahasha kwa sauti kabla hajatoka. Aliiacha kimya kimya, kwa sababu kusoma kwa sauti kunachukua muda na watu wanakohoa. Hakusema ameiacha, na mimi sikusema nimeona.

Sasa hiyo Jumanne ya kulewa, maji yalikatika. Nikachukua ndoo nikaenda pale wanapoosha magari, nikapanga foleni na madereva. Niliporudi na kushika mopu, kaunta ilikuwa kavu na Daktari anafunga kalamu.

"Nani alikuwa hapa?"

Nikahesabu. Kwa tisa akajibu, "Mzee Ephantus. Dawa yake ya sukari."

Bahasha hiyo sikuwa nimeiona. Nilitoka mbio, hata mopu nilisahau kuiacha. Mzee Ephantus, fundi wa viti mstaafu ambaye hachelewi chai yake, alikuwa kwenye kibanda cha chapati, ameketi, kikombe mbele yake. Kwenye kiganja chake kulikuwa na vidonge vitatu.

"Mzee, ngoja! Usimeze!"

"Kwani umekuja kupiga deki hapa pia?"

Bahasha ilikuwa mezani karibu na chapati. 3×1, mwandiko wa Daktari, umenyooka kama wa kadi ya harusi.

"Hiyo niliandika mimi, Mzee. Nimegeuza. Ni kimoja, mara tatu."

Akanitazama kutoka kandambili mpaka kitambaa cha kichwa. "Wewe? Nani alikuambia uandike?"

"Nilikuwa najaribu."

"Ndiyo maana! Mimi nikashangaa, tangu lini mwandiko wa daktari ukasomeka." Akameza kimoja, akarudisha viwili, akaninyooshea kidole chenye mafuta ya chapati. "Msichana, kazi ya waliosoma waachie waliosoma."

Nikamshukuru kwa ushauri. Nikaomba bahasha, nikamwandikia nyingine niliyokuwa nayo mfukoni, palepale, kwa kalamu ya mwenye kibanda. Tatu yangu ikafanana na mdudu.

Kufikia mchana, Mama Ivyne alikuwa na habari kamili: yule msichana wa kemisti amempokonya mzee dawa kwa nguvu, amemchapa na mopu, na wote wawili pale dukani wanakunywa kutoka chupa moja.

Ijumaa tukaenda mjini kwa kipimo. Na hapa niseme ukweli wangu, kwa sababu nimewacheka wengine vya kutosha. Kipimo kina sehemu nyingi, lakini kubwa ni maneno kumi na tano unayosomewa, halafu unaulizwa unayakumbuka yapi. Mara ya mwisho Daktari alipata sita. Mimi nilikuwa nimeketi kwenye pembe nikishika mkoba wake, sipimwi, nikayapata yote. Tulipotoka akaniuliza, "Yalikuwa yapi?" Nikamtajia. Akayaandika nyuma ya risiti.

Kwa hivyo wiki mbili nzima, kabla wateja hawajafika, mimi napiga deki yeye anaimba. Pazia, kengele, shamba, kofia, mto. Akikwama namsukuma. "Ndege..." "Ndege, jiko, daraja!" Tulifanya kazi nzuri. Hata shule sikuwahi kujiandaa hivyo.

Anayepima ni kijana anaitwa Clifford, viatu vimeng'aa, sauti tamu. Akafungua karatasi yake na kusoma: pazia, kengele, shamba. Orodha ile ile. Nikatazama sakafu. Sakafu yao ni safi sana.

Daktari akayataja yote kumi na tano.

"Hongera!" Clifford akasema, karibu apige makofi. "Kutoka sita! Unafanya nini nyumbani?"

"Lozi," Daktari akasema.

Ile sehemu ya kulinganisha alama na nambari haraka haraka, alijaza nusu ya zile za mara ya mwisho. Clifford akasema huo ni uchovu tu, na foleni ya magari ya Waiyaki Way. Picha mpya ya kichwa ilisema ubongo umepungua tena kidogo, Clifford akasema kumbukumbu imeongezeka. Kwa mwendo huo, ubongo ukiisha kabisa atakuwa profesa. Mkubwa wake, yule mtaalamu mwenyewe, akapitia ukurasa wa juu, akapiga mhuri. Barua ikatoka kwenye mashine ikiwa bado ina joto.

Tukaketi kwenye benchi karibu na lifti, mguu upumzike kwanza. Daktari alikuwa ameshika barua kwa mikono miwili. Sijamwona akitabasamu hivyo tangu Februari.

"Tumewaweza, Awiti," akasema. "Leo tunakula bhajia, zile za moto. Nawe uache kumwaga maji, sawa? Sasa tuna barua."

Hapo ndipo nikajua kwamba Jumatatu nikiugua, au maji yakikatika tena, Mzee Ephantus atakunywa chai yake na vidonge vitatu kwa amani, na barua itakuwa ukutani, kwenye fremu.

Nikafungua mfuko wangu. Mkebe wa biskuti nilikuwa nimeutoa chini ya sinki jana yake, nikaubeba tangu kwangu Mutuini asubuhi, chini ya sweta, bila kujua kama nitautoa. Nikatoa bahasha moja moja na kuzipanga juu ya benchi katikati yetu. Tisa. Zimekunjamana, wino umechuruzika kidogo, lakini nambari zinasomeka. Mwisho nikaweka ya kumi, ambayo haina alama ya maji, ina alama ya mafuta ya chapati.

Alizisoma. Alichukua muda, moja baada ya nyingine, kidole kikifuata. Alipofika kwenye ile ya mafuta, kidole kikabaki hapo.

"Hizi zingine zote," akasema, "zililowa."

"Ndiyo, Daktari."

"Mikono yako."

"Ndiyo. Hii ya mwisho nilikuwa nimeenda kuchota maji. Ni ya Mzee Ephantus. Nilimkuta vitatu viko mkononi."

Watu wawili wenye faili walipita, wakatuona, mwanamke mwenye sari ya hariri na msichana wa kandambili, wamepanga bahasha chafu kwenye benchi kama wanaoweka biashara. Najua Mama Ivyne angesema nini.

"Daktari," nikasema, "naomba kitu. Kaunta ni yako, sitaki kukutoa hapo. Lakini kuanzia Jumatatu wewe uhesabu vidonge, useme nambari kwa sauti, mimi niandike, halafu nikusomee mbele ya mgonjwa kabla hajatoka. Kila bahasha. Wakikohoa, wakohoe. Na daktari wako umwambie ile orodha tuliikariri. Utakubali?"

Nikaanza kuhesabu kimoyomoyo, kama kawaida. Nane ikapita. Tisa ikapita.

Lifti ikaja, ikafunguka, aliyekuwa ndani akashikilia mlango na kutuuliza kama tunashuka. Daktari hakuinua kichwa. Kidole chake kilikuwa bado kwenye ile tatu, barua imelala kwenye mapaja. Mlango ukafungwa.

Kumi na tisa. Ishirini.

Nikasogeza bahasha moja iliyotaka kuanguka, nikaendelea kuhesabu.