Jozi ya Seneta Stensrud

Kikohozi kile kilianza siku moja baada ya mazishi. Seneta Lowell Stensrud alikuwa ameketi mahali pake ukumbini, mbele yake dawati la marehemu Seneta Odell Crabtree limefunikwa kitambaa cheusi na kuwekewa bakuli la waridi jeupe, kama ilivyo ada ya Seneti ya Marekani. Karani alikuwa akiita majina ya kupiga kura. Alipofika kwa Stensrud, kabla mzee hajafungua kinywa, kikohozi kikavu cha mchimba makaa kikatoka kwenye dawati lile. Wenzake waliendelea kusoma karatasi zao.

Miaka miwili ilikuwa imepita sasa, na kila kura alikisikia tena, pale pale jina lake lilipoitwa. Hakumwambia mtu. Wenzake wangemcheka, na mkewe Solveig angemwuliza Odell ana kisa gani naye, swali ambalo hakutaka kulijibu.

Kisa chenyewe kilikuwa kifupi. Wazee wa ukumbi ule wana desturi ya kufunga jozi: ukiugua, mpinzani wako mmoja anaahidi kuizuia kura yake, ili ugonjwa wako usiwape watu wake ushindi wa bure. Hakuna sheria inayomlazimisha. Watu wawili wanapeana mkono, basi. Odell, aliyechimba makaa huko Virginia Magharibi kabla ya kuingia siasa, alikuwa kitandani mapafu yamekwisha, na muswada wa matibabu ya wachimbaji ulikuwa wake. Stensrud alimwendea hadi kitandani, akampa mkono.

Kisha kiongozi wa chama cha Stensrud, Royce Tillinghast, akamwita ofisini. Tillinghast alikuwa na sera moja tu: wakileta wao, sisi tunapinga, wakileta mvua wakati wa kiangazi, tunapinga vilevile. Serikali isiyopitisha kitu huonekana haifai, alisema, na isiyofaa wananchi huing'oa. Akamwahidi Stensrud uenyekiti wa kamati ya kilimo, na huko Dakota Kaskazini kilimo ndicho kila kitu. Jina lake lilipoitwa, Stensrud akasema hapana. Muswada ukaanguka kwa kura moja, Odell akiangalia kwenye televisheni. Alikufa siku ya tatu.

Gavana akamteua mjane, Verna Crabtree, amalizie muhula wa mumewe. Watu walingoja amrukie Stensrud. Hakumrukia. Alimsalimu kila asubuhi na kumwulizia hali ya Solveig, na salamu hizo zilimchoma mzee kuliko matusi.

Mwaka wa pili Verna aliurudisha muswada wa mumewe. Hesabu ilikuwa ile ile, kura moja huku au huku, na sare ingeamuliwa na Makamu wa Rais, aliye upande wa Verna. Wiki hiyo hiyo daktari akamwambia Stensrud kwamba Solveig, aliyekuwa amelazwa hospitalini, hataishi hadi Jumapili. Solveig mwenyewe alijua. Kwa miaka thelathini alikula chakula cha jioni peke yake kwa sababu ya kura hii na kura ile, na sasa aliomba jambo moja tu, kwamba asife akiwa peke yake. Stensrud akaahidi.

Tillinghast alimpa pole, akamwambia akae na mkewe, ila atafute jozi kwanza. Mzee akazunguka upande wa pili, akikataliwa na kila mtu. Mmoja alimwambia akafunge jozi na Ibilisi, huenda wanafahamiana. Jioni Verna alimkuta ameegemea ukuta wa korido.

"Nasikia unatafuta jozi," alisema Verna. "Mimi nitakufungia."

"Verna, huu ni muswada wa Odell."

"Najua ni wa nani. Nenda kwa mkeo."

"Kwa nini unifanyie hivi?"

"Sikufanyii wewe. Solveig aliniletea chakula mwezi mzima Odell alipokuwa anakufa. Hukujua?"

Hakujua. Verna akamnyooshea mkono, naye akaushika kwa aibu.

Siku ya kura aliketi kando ya kitanda, vidole vya Solveig kiganjani mwake. Kura ilipangwa saa nane mchana. Saa saba akaanza kutazama saa ya ukutani. Angekuwa yeye, je? Angekuwa yeye Verna, mume kaburini, muswada mkononi, adui yuko mbali hospitalini? Jibu alikuwa nalo, na alilichukia. Wahenga wanasema aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Hawakusema kuwa nyoka mwenyewe ndiye anayeuogopa zaidi, kwa kuwa anajua kinacholala humo.

Saa saba na nusu akasimama.

"Unakwenda?" aliuliza Solveig, amefumba macho.

"Dakika arobaini tu, mpenzi. Narudi sasa hivi."

Solveig aliuvuta mkono wake taratibu, akauficha chini ya shuka.

Magari yalijaa darajani. Stensrud alishuka kwenye teksi kabla ya kufika, akakimbia kwa miguu, mzee wa miaka sabini na moja, akapanda ngazi za jengo la Seneti. Alipousukuma mlango wa ukumbi, mwenyekiti alikuwa ameshatangaza matokeo. Muswada wa wachimbaji ulikuwa umeanguka kwa kura moja. Tillinghast alikuwa akipeana mikono na watu wake, na upande wa pili hakuna aliyekuwa akimtazama Verna.

Karani mmoja, mama wa makamo, alimnong'oneza kilichotokea. Jina la Seneta Crabtree lilipoitwa, alisimama akasema amefunga jozi na Seneta Stensrud, kwamba angekuwa huru angesema ndiyo, na kwamba anaizuia kura yake. Kisha akaketi.

Verna alimwona. Alikusanya karatasi zake bila haraka, akaja hadi mlangoni. Macho yake yalikuwa mekundu. Stensrud alianza kujieleza, kwamba alidhani, kwamba aliogopa, lakini Verna alikuwa akilitazama koti lake lenye jasho kama mtu anayeanza kuelewa jambo asilolitaka.

"Lowell," alisema, "Solveig umemwacha na nani?"