Hedifoni za Shemeji

Tangu mumewe azikwe, mshonaji hakuwa amedondosha chozi, na ndugu walianza kumtazama kwa jicho la pembeni. Si kwamba alijikaza. Machozi hayakuja tu. Akipewa chakula alikula, na kazi za wateja zilitoka kama kawaida.

Jumamosi moja mdogo wa marehemu akafika, simu ya kaka yake mkononi.

"Shemeji, vaa viatu. Nyumba imepoa mno hii. Twende tukakutafutie hedifoni za maana, uwe unasikiliza nyimbo zake ukiwa kwenye cherehani."

"Ule muziki wa mashine?"

"Huo huo."

Marehemu alikuwa fundi wa lifti, na alipenda muziki wa kompyuta, midundo mitupu isiyo na mwimbaji. Mkewe alizoea kumtania kwamba analipwa kukaa na mashine kutwa, kisha akirudi nyumbani anazisikiliza bure. Alikubali kwenda kwa sababu kukataa kungehitaji maneno mengi.

Muuza duka aliitwa Besi, maana hakuwa na habari nyingine ila besi, ule mdundo mzito wa chini. Alimvisha kwanza hedifoni nene zinazoziba masikio. Mdundo ukapiga kama mtu anayekung'uta godoro.

"Unaonaje, mama?"

"Inapiga."

Akamletea nyingine, kubwa zaidi, na katikati yake na simu akachomeka amplifaya ndogo, saizi ya kiberiti.

"Hizi, simu peke yake haiziwezi," akaeleza. "Bila hiki, besi inalegea kama mpira wa kaptura kuukuu."

Shemeji akacheka. Mshonaji akajua kuwa ni utani, akatikisa kichwa. Sasa kila sauti ilikaa mahali pake: ngoma chini, vikengele juu, na kitu kirefu kikivuma nyuma yake. Aliyasikia yote. Hakuna lililomgusa.

Za tatu zilikuwa nyepesi, zenye matundu pembeni.

"Ukiitwa, unasikia," Besi akasema. "Ubaya wake, na jirani anasikia wimbo wako."

Wimbo ukavuja kweli. Shemeji, aliyekuwa bado anachambua rangi za nyaya, akaziachia.

"Huu alikuwa anauweka tukipiga pasi..." akaanza, asimalize. Akakaa juu ya boksi tupu, akaangua kilio hadi mabega yakatikisika. Besi akageukia rafu zake, akajifanya anapanga chaja.

Mshonaji alivua hedifoni, akamshika shemeji yake shingoni. Alijipekua kifuani, labda na yeye. Hapakuwa na kitu.

"Lia, shemeji. Wewe unaweza."

Alipotulia, Besi akauliza kwa sauti ya chini, "Nikufungieni zipi?"

"Zile za pili, na kiamplifaya chake. Ni za huyu."

"Shemeji! Si tumekuja kwa ajili yako?"

"Mimi nyumba kimya hainisumbui. Chukua. Za godoro zitakuuma kichwa, na hizi zinazovuja utawaliza na majirani."

Akacheka huku kamasi zikimtoka, akapokea.

Waliagana kwenye kona, shemeji akienda zake masikio yamezibwa, akitikisa kichwa polepole. Mshonaji alimtazama mpaka akapotea, kisha akarudi nyumbani. Jioni mteja alikuja kuchukua gauni, akalisifu sana. Mshonaji akamshukuru, akafunga mlango, akatunga uzi mwingine kwenye sindano.