Kutu ya Vidole Vinne

Mreno hakuwa na upanga, na onyesho lilikuwa Jumamosi.

Shida hiyo ilikuwa ya Évariste, mtunza vifaa wa kikundi cha wachezaji wa Chama tawala, mtaani Mangobo. Serikali ilikuwa imefuta majina ya Kikristo, lakini midomo ya watu haikufutika: Évariste alibaki Évariste, na Hubert, mkuu wa kikundi, alibaki Hubert kila wakubwa walipokuwa mbali. Hubert aliwahi kufundisha historia. Alitunga mchezo juu ya vita vya zamani sana, siku Wareno walipompiga mfalme wa Kongo wakamkata kichwa. Wakuu wa Chama wangekaa mstari wa mbele, na yeye hakutaka mchezo wa kitoto.

"Chuma, Évariste. Chuma ya kweli, watu wasikie inalia. Na bei ya chini, caisse yetu ya pesa iko tupu kama tumbo yangu asubuhi."

Évariste alianza na sabre, upanga wa gwaride wa afisa mmoja wa Kibelgiji, iliyobaki kwa mpishi wake. Hubert aliichomoa, akacheka.

"Tonton, hii iko ya juzi, na imepinda kama ndizi. Mureno wa siku zile alibeba kitu ya kunyooka, inakata pande mbili, na chuma ya kufunika mukono."

Akaenda kwa mhunzi karibu na daraja la mto Tshopo, naye akamfulia bapa kutoka springi ya lori. Lilinyooka vizuri. Lakini René, aliyecheza Mreno, aliliinua mara moja tu, likamlemea, akalibwaga.

"Na hii nitaua nani? Nitakufa mimi mbele ya mufalme!"

Ndipo mtu akamwelekeza mtaa wa Kabondo, kwa Zuberi, Mwislamu mwenye asili ya Maniema aliyekuwa akishona kofia kibarazani kwake. Zuberi alikuwa na upanga wa babu yake, aliyekuja na misafara ya pembe. Ulikuwa umenyooka, una makali pande zote mbili, na mwepesi mkononi. Ulikosa kinga ya mkono tu, na hiyo Évariste angeitengeneza kwa bakuli la bati. Kwa mbali nani angejua? Zuberi aliomba pagne moja tu, kitenge cha kumpa mke wake, basi. Mtu mwenye akili angejiuliza kwa nini bei ndogo hivyo. Évariste alifurahi.

"Sikufichi, papa," Zuberi alisema. "Upanga hii inashika kutu. Unasugua, inarudi."

"Na mvua hii ya kwetu, hata meno inashika kutu."

Zuberi hakucheka. Aliufunga upanga ndani ya gunia, akamkabidhi, kisha akaenda kunawa mikono.

Nyumbani Évariste aliusugua kwa mchanga, akaupaka mawese, ukang'aa. Asubuhi yake alikuta kutu katikati ya bapa: alama nne zimelala pamoja, zikikata upana wa chuma. Akajilaumu. Alikuwa ameushika kwa mkono wenye jasho, na jasho halina urafiki na chuma. Akasugua tena, safari hii amezungusha kitambaa mkononi. Kesho yake alama zilikuwa palepale. Akageuza bapa. Upande wa pili palikuwa na alama moja, nene, ya kidole gumba.

Kuna mtu aliwahi kuushika upanga huu kwenye makali, kama anayezuia.

Évariste aliweka mkono wake juu ya alama. Vidole vyake vilikaa sawasawa, isipokuwa kile cha pete. Chake kilipita. Alama ya hapo ilikomea kwenye kiungo cha kati.

Upanga ulimtoka mkononi, ukaanguka kwenye saruji, ukalia vizuri kabisa, kama Hubert alivyotaka.

Kaka yake, Anselme, alifanya kazi kwenye kiwanda cha mbao, na msumeno ulimla nusu ya kidole cha pete. Wakati wa waasi walioitwa Simba, miaka kumi iliyopita, vijana wao walikuja kumwita nje. Anselme alivaa viatu akamwambia mama yao, "Ninarudi sasa hivi." Tangu siku ile Mama Pétronille hakufunga mlango kwa komeo. Wezi waliingia mara mbili, wakachukua redio, kisha sufuria. Yeye akasema wachukue tu, mutoto atakuta mulango wazi. Hakukubali matanga wala misa ya marehemu. Évariste aliamini tangu zamani kwamba kaka yake amekufa, ila hakutaka kuwa yeye wa kukiingiza kifo hicho nyumbani. Na sasa alikuwa amekiingiza, kimefungwa kwenye gunia.

Alirudi Kabondo kwa miguu, karibu kukimbia.

"Upanga ilitembea wapi?" aliuliza, hata salamu hakutoa.

Zuberi aliweka sindano chini. "Simba waliichukua hapa kwa nguvu, mwaka ya soixante-quatre, ya vita. Kiisha siku moja nikaikuta ndani ya ua, imetupwa juu ya ukuta."

"Ilikuwa na damu?"

"Hapana, papa. Ingekuwa na damu ningeelewa. Ilikuwa safi. Mutu aliiosha, akaipangusa, akarudisha kitu ya wenyewe." Akaokota sindano yake tena. "Kutu ilianza nyuma ya siku ile."

Évariste alirudi akiwa ameamua: atasugua kwa nguvu zote, atapaka rangi, Jumamosi ipite, kisha autupe kwenye maporomoko ya Tshopo. Mama yake hatajua.

Alimkuta amekaa kibarazani, gunia limefunguliwa, upanga mapajani. Alikuwa ametafuta gunia la kuanikia mihogo. Vidole vyake vya kizee vilikuwa juu ya alama, kimoja kimoja, na kwenye kile kifupi vilisimama.

"Mama..."

"Iko mukono ya mutoto yangu."

"Mama, iko kutu tu."

"Mimi nilimuzaa, mimi nilimufunga hiki kidole siku ile ya musumeno, na wewe unaniambia kutu?" Hakupandisha sauti. "Alishika kisu yao. Hakupiga magoti, Évariste. Unaona? Alishika."

Hapo ndipo Hubert alipoingia uani na wimbo mdomoni, akaona chuma kinang'aa mapajani mwa mama.

"Voilà! Mureno mwenyewe! Mama, umekuwa soldat? Leta, tunaanza répétition."

"Mutakata nani na hii?" Mama Pétronille aliuliza.

"Mufalme, mama. Kwa muchezo tu."

"Hii ilishakata. Haitakata tena, hata kwa muchezo."

Hubert alimvuta Évariste kando. "Alors? Wakuu niliwaambia kuna upanga ya kweli. Tukipanda jukwaa na upanga ya mbao watasema tunachezea Chama. Unajua inaishia wapi."

"Ninajua. Muangalie Anselme."

"Anselme yuko wapi?"

Évariste alielekeza kidevu kwenye upanga. Hubert alitazama alama, akatazama vidole vya mama vikiwa juu yake. Katika mji ule hakukuwa na nyumba isiyokuwa na mtu aliyeitwa nje mwaka ule. Nyumbani kwa Hubert, aliyeitwa alikuwa baba yake. Alivua kofia.

"Bon," alisema. "Mbao. Tutaipaka rangi ya fedha. Wakiuliza, nitajibu mimi."

Ijumaa waliuzika upanga makaburini. Mama aliufunga mwenyewe ndani ya pagne yake ya harusi, na kwa mara ya kwanza katika miaka kumi akalia kwa sauti, mpaka wapita njia wakasimama. Zuberi alikuja akasimama nyuma, viganja wazi, akisoma kwa midomo bila kutoa sauti. Hakuna aliyemuuliza anasoma nini.

Jumamosi, René aliinua upanga wa mbao, akapiga, ukavunjika vipande viwili shingoni mwa mfalme. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Mkuu mmoja wa mstari wa mbele aliandika kitu, na Hubert akaagizwa afike ofisini Jumatatu. Alikwenda. Alirudi mzima, lakini kikundi akanyang'anywa.

Jioni ile ya onyesho, Évariste alimkuta mama yake amesimama mlangoni.

"Funga," alisema.

"Nifunge na komeo?"

"Na komeo. Tumeisha kulia."

Komeo lilikuwa limegandana na kutu. Évariste alilipaka mawese, akalitikisa, akalisukuma mpaka likaingia kwa kishindo. Mama alikwenda kulala. Évariste alibaki pale, kiganja kwenye chuma baridi, akisikiliza kila hatua iliyopita barabarani, ya wanaokuja kuita au ya anayerudi. Kila iliyopunguza mwendo mbele ya mlango wao, alishika komeo kwa nguvu zaidi, wala hakujua kama analizuia au anajiandaa kulifungua.