Binti Aliyebaki kwa Baba

Kaka zake walimwita Nguzo, na wenyewe walisema ni kwa mapenzi. Nguzo ya nyumba. Ukishamsifu mtu kwa jina kama hilo umemmaliza, maana nani amewahi kuona nguzo ikiaga na kuondoka? Kaka mkubwa alioa akahama, wa pili akaoa akahama, wa tatu akahama hata kabla ya kuoa. Nguzo, kitinda mimba, akabaki na mama, ambaye miguu ilikuwa haimbebi tena.

Kazini alikuwa mtaalamu wa vinasaba vya watu wa kale. Aliingia chumba kisicho na dirisha, amevaa ovaroli nyeupe, barakoa, glavu juu ya glavu, akatoboa mfupa mgumu wa nyuma ya sikio hadi apate unga kidogo. Unga huo ndio unaosema nani mwana wa nani, na nani alizaa na nani. Simu haziruhusiwi humo. Wenzake walilalamikia joto na kubanwa pumzi. Yeye alikuwa hatamani kutoka. Akitoka tu, anakuta mama amempigia simu chungu nzima: dawa iko wapi, mlango kaufunga nani, unarudi saa ngapi.

Sasa maabara moja ya mji wa mbali ilikuwa imempa nafasi ya kuongoza kazi yake mwenyewe. Walitaka jibu Jumatatu. Alimwambia kaka mkubwa peke yake, na kaka mkubwa akaitisha kikao cha familia Jumapili. Hapo ujue mambo yameshaharibika.

Mezani kwake kazini kulikuwa na mifupa kutoka makaburi ya ukoo mmoja wa zamani sana. Wanaume wote walikuwa damu moja: baba, wana, wajukuu. Wake zao walitoka kwingine. Mabinti waliokufa wadogo walikuwepo, ila binti mtu mzima hakuonekana. Walikua, wakaolewa, wakaenda zao. Nguzo aliipenda habari hiyo kuliko ilivyompasa. Aliwawaza njiani na vifurushi vyao, wala hawageuki nyuma.

Halafu akatokea mmoja. Mwanamke mtu mzima, na majibu yakasema ni binti wa pale pale.

"Umechanganya vichupa," mkuu wa maabara alisema, bila ubaya. "Hutokea. Rudia tangu mwanzo."

Miaka yote ya kazi hakuwahi kuomba awe amekosea. Safari hii aliomba. Alirudia taratibu, na Ijumaa majibu yakaja yale yale. Dada wa wanaume watatu, shangazi wa watoto waliolala kumzunguka, na wa kwake hakuna. Mifupa ya vidole vya miguu ilikuwa imelika kwa kupiga magoti akisaga nafaka miaka nenda miaka rudi. Alilazwa bega kwa bega na mama yake.

Nguzo alivua glavu, akakaa sakafuni, akalia. Si kwa huruma. Alimchukia yule mwanamke.

Jumapili kaka watatu walifika wamejipanga kama wapeleka posa. Mama alikuwa kwenye kochi, ameshika mkono wa bintiye kama kawaida yake.

"Hakuna anayekuzuia," kaka mkubwa alianza, na mtu akianza hivyo umeshazuiwa. "Tunauliza tu. Ukienda, nani atakaa na mama?"

"Mnaweza kupokezana."

Wa pili akakohoa. Nyumba yake ndogo. Wa tatu ana safari. Mkubwa, eti, presha. Loh, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi! Wakakubaliana kwamba Nguzo ameshazoea.

Nguzo akawapa habari ya kazini. Akawaeleza mabinti wote walioondoka, na yule aliyebaki, na magoti yake. Alitaka wajione.

Kaka mkubwa alisikiliza vizuri, uso ukamlainika. "Si unaona? Alizikwa katikati ya watu wake. Walimpenda sana."

Ungemwambia nini mtu kama huyo?

Mama, ambaye walikuwa wakimzungumzia kana kwamba hayupo, akauliza, "Mama yake alizikwa wapi?"

"Ubavuni kwake, mama."

"Na huyo mama kwao ni hapo?"

"Hapana. Alitoka mbali, akaolewa hapo."

"Kwa hiyo yeye aliondoka kwao."

"Ndiyo, mama."

Mama akawageukia wanawe. "Huyu akifa, msimzike karibu yangu."

"Mama, maneno gani hayo?" wa pili akasema.

"Mmenisikia. Azikwe huko atakakokuwa ameenda."

Nguzo alielewa kwamba ameruhusiwa kwenda. Alitaka ainuke sasa hivi, achukue simu, awajibu wale watu wa maabara ya mbali kabla mtu hajageuza neno. Lakini mkono wa mama ulikuwa bado umemshika, na kila alipojaribu kujitoa polepole, vidole vilizidi kukaza.

"Niachie kidogo, mama," alinong'ona.

"Nimekuachia, mwanangu," mama alisema, na hakuachia.