Tundu Lenye Mshiko

Shangazi Agripina alipasua yai la mwisho kwenye ukingo wa ungo, akamimina kilichokuwamo, akakitazama. Kifaranga kilikuwa kimekwisha kuota manyoya, jicho limefumbwa kama la mtu aliyepitiwa na usingizi. Alivifunika vifaranga vyote vilivyokufa kwa majani ya mtama, akanawa mikono, akaingia ndani. Kimya chake kilimchoma Scholastika kuliko matusi yoyote ambayo angemwagiwa.

Wale hawakuwa kuku wa kuokota gulioni. Mbegu yao Agripina aliachiwa na mama yake: kuku wa madoadoa wenye miguu mirefu, ambao wachuuzi waliwafuata hadi kijijini Mtinko na kuiulizia nyumba yake kwa jina. Kisha ugonjwa wa mdondo ukapita, ukafagia banda. Akabaki jogoo mmoja na tetea mmoja, na tetea mwenyewe alikuwa wa kutaga tu. Akishataga huenda zake asigeuke nyuma. Ndipo Scholastika, binti wa kaka yake, aliyekuwa amerudi kutoka chuoni na stashahada ya elektroniki, aliposema atatengeneza mashine ya kutotolesha. Alilisema kwa kinywa kipana.

"Kuku huchoka, shangazi. Mashine haichoki."

Mashine hiyo ilikuwa sanduku la mbao lenye balbu ya kutoa joto na kihisi cha kulipima. Vitu hivyo viliongozwa na saketi aliyoijenga juu ya bredibodi, yaani ubao mdogo wa plastiki wenye matundu mengi, ambamo fundi huchomeka nyaya zake bila kulehemu, ili akikosea achomoe na kuanza upya. Mwanzoni ilitii kama ilivyoandikwa vitabuni. Halafu, karibu na siku za kuangua, balbu ikawaka ikasahau kuzimika.

Scholastika alilitafuta kosa ndani ya kichwa chake mwenyewe. Alirudia hesabu, akaandika upya maagizo ya mashine, akayafuta, akayaandika tena. Kila alipoijaribu, mashine ilifanya kazi vizuri, na hilo ndilo lililomtia hofu zaidi. Ugonjwa usioonekana hutibiwaje? Alianza kujiuliza kama pale chuoni alielewa, au alikariri tu yaliyompitisha kwenye mtihani. Watu walipomletea redio atengeneze, aliwaambia ana shughuli.

Asubuhi moja alikuwa akilipangusa vumbi sanduku lile, kidole chake kikaugusa waya wa kihisi. Kipimo cha joto kikaruka. Akaugusa tena, kikaruka tena. Waya ulikuwa unacheza tunduni kama jino la mtoto lililokaribia kung'oka. Ndani ya kila tundu la bredibodi mna kibano kidogo cha chuma kinachoukamata waya. Kibano hiki kilikuwa kimelegea, na kadiri ubao ulivyopata joto juu ya sanduku, ndivyo kilivyozidi kulegea. Waya ulipoachiwa, mashine ilidhani ndani kuna baridi, ikaendelea kuwasha balbu.

Alitarajia kufurahi, maana hesabu zake zilikuwa sahihi. Furaha haikuja. Alikumbuka namna alivyouchukua ubao ule dukani, wa juu kabisa kwenye rundo, akaulipia huku akiongea na simu. Aliuamini kwa sababu ulikuwa mpya na mweupe.

Alimkuta shangazi yake anapepeta mtama.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba." Agripina hakuinua uso.

"Nimekiona kilichoua vifaranga." Akamweleza yote, akampa ubao.

Agripina alichomeka waya, akauchomoa, akauchomeka tena. "Kwa hiyo mbegu ya mama yangu ilipotelea kwenye kitundu hiki."

"Kwenye kitundu hicho na kwenye haraka yangu. Sikukijaribu."

Agripina alirudi kwenye ungo wake. Pumba zilipeperuka, zikatua kwenye sketi ya Scholastika, naye hakuzikung'uta.

"Tetea ameanza kutaga tena," Agripina alisema mwishowe. "Ameshazeeka, sidhani kama kutakuwa na mtago mwingine. Mayai nimeyaweka kapuni, nikawa natafuta kuku wa kuyaatamia, lakini mdondo haukumwachia jirani yeyote. Na yai halimngoji mtu." Aliupiga ungo kwa kiganja. "Kesho twende mjini wote wawili. Nataka nikione unachokinunua."

Muuza vifaa vya umeme pale Singida mjini aliitwa Manase, kijana mchangamfu mwenye duka jembamba kama korido. Alizitandaza bredibodi mezani. Scholastika alitoa mita yake ya kupimia umeme, ile inayolia waya ukishika, pamoja na kipande cha waya, akaanza kuchomeka kwenye tundu moja baada ya jingine.

"Dada, hizo zote ni zilezile," Manase alisema. "Zimetoka katoni moja."

"Hata kuku hutoka kwa mama mmoja," Agripina alijibu, akivuta kiti. "Wengine wazima, wengine vilema."

"Lakini mama, akichokonoa kila tundu, mimi nitamuuzia nani?"

"Utatuuzia sisi. Mwache."

Ubao wa kwanza uliumeza waya bila ukinzani wowote. Scholastika akauweka kando. Wa pili ulishika vizuri katikati, lakini pembeni waya ulipotikiswa, mlio wa mita ukakatikakatika. Wa tatu ulikuwa na matundu yaliyobana mno, mpaka waya ukajikunja kabla ya kuingia. Scholastika hakufanya haraka. Alishangaa jinsi mikono yake ilivyotulia. Tangu siku ya yale mayai ilikuwa ikikwepa kila chombo, na sasa ilikuwa inauliza maswali mepesi na kujibiwa papo hapo: unashika, hushiki.

Wa nne ulikuwa mzito kidogo kuliko wenzake. Waya uliingia kwa kusukumwa, ukatua, ukang'ang'ania. Akaunyanyua ubao mzima kwa kuushika waya ule peke yake, akautikisa hewani. Mita ikalia bila kukatika. Akajaribu pembe zote, kisha mistari ya kupitishia umeme kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Huu," alisema.

Manase alikuwa ameegemea meza, kidevu mkononi. "Hebu niazime hiyo mita," akasema. Walipotoka walimwacha anachomekachomeka, ameshatenga rundo dogo la mbao za kumrudishia aliyemuuzia.

Aliyeumwa na nyoka hushtushwa hata na ung'ongo. Nyumbani Scholastika hakuyaweka mayai mara moja. Aliufunga ubao kwenye ukuta wa chumba, mbali na joto la sanduku, akazibana nyaya kwa uzi zisivutike, akaweka ndani chupa za maji badala ya mayai. Aliigonga meza, akaitikisa, akaacha mlango wazi upepo uingie. Joto lilipanda, likashuka, likarudi mahali pake. Shangazi alikuja kuangalia, akaondoka, akaja tena. Safari ya mwisho alikuja na kapu.

"Yashike mwenyewe," alisema. "Mimi nitakupokeza."

Wiki ya tatu ilipokuwa inakwisha, Agripina alihamishia kigoda chake pale chumbani na kazi ya kuchambua mchicha akaifanyia palepale. Saa za mchana, jua likiwa limelishika bati hadi likaalika, Scholastika alimwona ameacha mchicha, ameinamisha kichwa.

"Umesikia?"

"Ni balbu, shangazi."

"Si balbu."

Scholastika alipeleka mkono kwenye kifuniko, kisha akajizuia, maana yai linalopasuka hutaka unyevu, nao hutoroka kifuniko kikifunguliwa. Wakakaa bega kwa bega, wameinamia sanduku. Agripina aliusogeza mdomo karibu na mbao na kwa sauti ya chini, sauti ambayo mpwa wake hakuwahi kuisikia kwake, akaita kama tetea aitavyo: ko, ko, ko.

Akatega sikio.

Ndani kifaranga kimoja kikajibu, kwa sauti nyembamba kama uzi. Baada ya kitambo, upande wa pili wa sanduku, kikajibu kingine.