Mkwe Hanywi Peke Yake

Tangu mke wa Fundi Cherehani azikwe, ng'ombe aliyemwacha alikuwa amepunguza maziwa mpaka yanafunika tako la ndoo tu. Marehemu ndiye aliyempa ng'ombe huyo jina la Mkwe, kwa jinsi mumewe alivyokuwa akimpisha kwa adabu na kupita mbali. Sasa muuza nyama alikuwa ameshaanza kumzunguka, akiuliza lini. Fundi akamjibu Jumamosi, maziwa yasiporudi. Alipokwisha kusema hivyo usingizi ukampaa, maana nyumbani mle hakikubaki kingine chenye pumzi kilichozoea mkono wa mkewe.

Dawa ya kurudisha maziwa aliijua, au alidhani anaijua: uwatu, ule wanaonyweshwa wanawake waliojifungua, uliolowekwa, ukachemshwa pamoja na mbegu za shamari, ukapoa, ukachanganywa na pumba. Alipika kama alivyokuwa akimwona mkewe akipika. Mkwe akanusa ndoo, akageuza shingo, akamtazama kama mteja aliyeshonewa gauni la mtu mwingine.

Mdogo wa marehemu alikuwa ameegemea mlango wa banda, anamwangalia.

"Shemeji, umeonja?"

"Nionje dawa ya ng'ombe?"

"Dada alikuwa anapiga funda kwanza, huyo ng'ombe akimtazama. Asipomeza yeye, huyo hagusi. Kwani miaka yote hiyo ulidhani ananuka uwatu kwa nini?"

Fundi akaenda kuleta kikombe. Kila alipomwambia mkewe ageukie ukutani, ananuka, mkewe alikuwa akicheka na kumsogelea zaidi.

Alichota kwa kikombe, akanywa. Ilikuwa chungu, na ilikuwa na harufu ya bega la mkewe. Akanywa tena bila kuambiwa.

"Taratibu, shemeji. Ukizidisha tutaanza kukutafutia sidiria."

Mkwe akasogea, akatumbukiza mdomo ndooni.

Jumamosi muuza nyama alikuja na kamba. Akamkuta Fundi amechuchumaa bandani, kikombe cha dawa mkononi, uso umemkunjamana.

"Fundi, unaumwa?"

"Siumwi. Nanyonyesha."

Muuza nyama akamtazama yeye, akamtazama ng'ombe, akachungulia ndoo ya maziwa, ambayo haikuwa imejaa hata nusu.

"Ndiyo maziwa yenyewe haya?"

"Yamepanda."

"Haya yamepanda?"

"Yasipozidi, nitaongeza kunywa," Fundi akasema, akijichotea tena. "Kamba yako rudi nayo, bwana."