Msingi wa Nyumba ya Chini

...na achimbe tu, achimbe mpaka chini kabisa, haraka ya nini, miaka yote hii amengoja, leo ashindwe kungoja sururu ya mkaguzi imalize udongo wa kona moja, akavuta ndoo, akaipindua akaikalia, mkoba mapajani, kama mnunuzi yeyote anayetaka kuujua msingi kabla ya kutoa chake, na shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, ndiye muuzaji, amesimama kando ya shimo, mikono nyuma, anaeleza kuwa nyumba hii ni chuma, ghorofa ya juu kaipandisha mwenyewe na haijatoa ufa hata wa unywele... sema baba, sema, ulimi hauna mfupa, sema kwa sauti wakusikie na wale majirani wawili wanaojifanya wanaanua nguo, ndio hao hao waliosimama pale pale siku godoro lake lilipotupwa nje, kaburi halijakauka, kufuli jipya mlangoni, na huyu huyu akamwambia ulikuja na begi, shemeji, ondoka na begi, haya, begi limerudi, limekuja na mkaguzi... wala hanunui, hata bati moja hanunui, amekuja kusikia neno moja litamkwe mbele za watu, kwamba ghorofa nzima imekalia msingi wa banda, kwani marehemu si alimwambia kwa kinywa chake, wamelala chumba cha kupanga, taa imezimwa, mke wangu nimeweka mawe na zege kidogo, msingi wa nyumba ya chini, ghorofa hatuitaki, naye akalala usingizi mtamu, maana ghorofa alijua ingekuwa ya nani, ya mama mkwe, na alishaapa kuwa yeye na mama yule hawatakaa paa moja, labda wafungwe kamba... basi mdogo mtu kwa pupa zake akapandisha bila kuuliza, na siri hiyo yeye kailea kama mtoto, kainyonyesha, kaiogesha, kila alipopita akaona kuta zinapanda alijisemea jenga, jenga tu, ongeza tofali... sururu imebadilika sauti, si udongo tena, mkaguzi kapiga magoti anafuta kwa brashi, na shemeji kaachia mikono, kasogea ukingoni, ahaa, unasogea, mbona, na lile jasho la shingoni...

"Nani alimwaga zege hili?"

"Marehemu kaka."

"Basi alijua anachofanya. Njoo uone, dada."

Akaenda, akaona, kitako cha zege kipana kama meza ya kulia, nguzo imesimama juu yake, na pale tindo ilipobandua zimechungulia nondo nene kama vidole gumba, mkaguzi anasema hii ni nguzo ya kubeba ghorofa, iliwekwa siku ya kwanza, haikuongezwa, anasema kwa furaha, masikini, kama anayempa habari njema, na shemeji kainama karibu na sikio lake.

"Sikutaka ulijue hili. Kaka alinichorea mwenyewe. Ya juu ilikuwa ya mama. Alisema wewe utazoea."

Utazoea... na ile wiki ya kumwaga msingi marehemu alimpeleka kwao, vumbi la saruji si zuri kwa mjamzito, alisema, na yeye akawatambia dada zake, mnamwona mume, mume ndiye huyo, kumbe huku nyuma nondo zinasimamishwa, na usiku ule gizani, mawe na zege kidogo, mke wangu, wala sauti haikutetereka... godoro hajalisamehe, hapana, la godoro liko pale pale, lakini hasira ile kubwa, aliyoilisha miaka yote, imefika mlangoni ikakuta mwenyewe si yule, sasa ibishe hodi wapi, kaburini, akamtukane nani, mtu uliyemvalia nyeusi mpaka ikapauka...

Mkaguzi akauliza aendelee na kona nyingine au imetosha. Shemeji akadakia kwamba imetosha, kona zote ni moja.

"Chimba zote," akasema yeye.

Akarudi kwenye ndoo yake, sururu ikaanza upande wa pili, majirani bado na nguo mikononi, naye amekaza macho kwenye udongo, anaomba litoke jiwe, mawe na zege kidogo, nyumba ianguke isianguke hana habari nayo tena, anaomba kona moja tu, moja, ambayo mume wake hakumdanganya.